Suruali ya Kuchuchumalia

Wewe uliyesimama hapo mlangoni, kaa. Najua huwezi. Nimekuona tangu ulipoingia: suruali imekubana mpaka ukitaka kukaa inabidi uombe ruhusa kwa magoti. Basi egemea ukuta unisikilize ukiwa wima, maana ninayotaka kusema yanahusu hiyo hiyo suruali yako, na mahali lilikotoka jina lake.

Nimeshona nguo hapa Karatu tangu nilipokuja nikiwa msichana wa Kirangi kutoka Kondoa, cherehani yangu ya kukanyaga imefungwa kwa kamba juu ya magunia ya vitunguu. Sasa macho yamechoka, uzi na tundu la sindano vimekataa kukutana, na cherehani nimemwachia mjukuu. Ulimi ndio umebaki na kazi.

Nyie mnaojifunza ufundi siku hizi mnaniuliza mambo ya zipu za kuficha na mitindo mliyoiona kwenye simu. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini suruali inaitwa suruali. Mnaona hayo ni mambo ya walimu. Hata mimi niliona hivyo, mpaka siku neno hilo liliponisaidia kazini kuliko mkasi, na kijana mmoja wa Endulen akapata mke. Kwa hiyo tulieni, nitawaeleza polepole. Asiyeelewa aulize, sitamcheka sana.

Miaka ile ya sabini kulikuwa na amri, au tuseme kulikuwa na watu waliojipa amri, kwamba mwanamume mwenye shuka ni mwanamume aliyechelewa. Ukija na shuka lako umelifunga lubega begani, karani anakurudisha mlangoni na kondakta anakushusha kwenye basi. Mmasai aliyetembea kutwa nzima kutoka Ngorongoro kuja kuuliza habari ya ng'ombe wake anaambiwa akavae kwanza.

Mimi nilikuwa nashonea kwenye baraza ya duka la Mzee Awadhi. Huyu alikuwa Mwarabu wa Kishihiri aliyezaliwa Babati. Uarabuni hakuwahi kufika, lakini Kiarabu cha marehemu baba yake alikirithi chote pamoja na madeni. Alikuwa mcheshi, mnene, na anapenda kusahihisha watu. Kwenye nguzo ya baraza yake alipigilia msumari, na kwenye msumari akatundika suruali moja kuukuu ya kaki. Hiyo ilikuwa ya umma. Mtu akitoka huko juu na shuka lake, anaivaa, anakwenda ofisini, anarudi anaitundika, na mwenzake aliyekuwa akisubiri anaivaa. Haikumtosha yeyote. Warefu iliwaishia chini kidogo ya magoti, na wembamba waliishika kwa mkono mmoja huku wakisalimia kwa mwingine. Ilifika mahali karani anaitambua kabla hajamtambua mtu. Anasema, "Karibu tena," anaisalimia suruali.

Mzee Koinet wa Endulen hakuitaka hiyo ya msumari.

Alikuja asubuhi moja na fimbo yake, mrefu, mkavu, uso mgumu na macho yanayocheka. Akasimama mbele ya cherehani yangu kwa mguu mmoja, unyayo wa pili ameuweka kwenye goti, ameegemea fimbo, kama wanavyosimama machungani.

"Takwenya, Mama Saidi."

"Iko, Mzee," nikaitikia salamu kwa Kimasai chao.

"Nimekuja kufungwa."

"Ufungwe na nani?"

"Na wewe. Nishonee suruali."

Nikacheka, maana nilielewa. Wamasai wana jina lao la tangu zamani kwa watu wa suruali. Huwaita *iloridaa enjekat*, yaani wale wanaofungia ushuzi ndani. Walipowaona Wazungu wa kwanza wamevaa vile waliwahurumia kweli, wakashangaa hewa yao inatokea wapi.

"Mzee Koinet," nikamwambia, "wewe uliapa utakufa na shuka."

"Niliapa. Lakini mwanangu Lemayian ameniletea balaa."

Balaa lenyewe lilikuwa hivi. Lemayian alikuwa msaidizi wa bwana mifugo, kijana wa kuzunguka kwenye majosho, naye alikuwa ameshaingia suruali zamani, tena zile za bugaluu zinazofagia vumbi. Huko kwenye majosho akampenda Magdalena, binti wa Kiiraqw kutoka Buger, naye binti akampenda. Sasa babu za hawa watu walikuwa wakiibiana ng'ombe na kuchomana mikuki, kwa hiyo kila upande ulikuwa na bibi wa kupiga kelele. Kelele zikaisha. Akabaki baba wa binti, Mzee Tluway, mkulima wa mahindi na maharage na mwalimu wa dini pale kijijini, mtu wa Jumapili siku zote saba. Naye hakukataa. Alituma neno moja tu: sitakaa kuzungumza habari ya binti yangu na mtu ambaye upepo ukivuma watoto wangu wanajifunza elimu ya viumbe.

"Na kuna mwalimu wa shule kutoka Mbulu anamtaka binti," akasema Koinet. "Mwalimu ana baiskeli, na suruali mbili. Mimi sina hata moja. Lemayian hali chakula. Mama yake ananiangalia kama mimi ndiye fisi."

Nikamwambia asihofu, nikachukua futi kamba.

Hapo sikilizeni vizuri, maana ndipo kosa lilipoanzia. Mimi nilifundishwa kazi Kondoa na fundi wa Kigoa, mtu safi, kola imesimama, na alinifundisha hivi: mteja asimame wima kama askari, visigino pamoja, ndipo umpime. Nikamsimamisha Koinet kama askari. Kiuno nikapima, urefu wa nje nikapima. Ikabaki kupima mguu kwa ndani, na huyu ni mtu aliyevaa shuka na hewa. Nikamwita Mzee Awadhi aje ashike ncha ya juu ya futi. Akaja amefumba macho, anasema bismillahi, akaingiza mkono, akashika, akanisomea namba.

Koinet akasema kwa upole, "Mzee, hapo uliposhika si mguu."

Tulipima upya.

Nikamshonea suruali ya kaki nzuri, imenyooka, pasi imekaa kama ukingo wa panga. Akaivaa, akatembea barazani, watu wakapiga makofi. Akaenda nayo Buger. Na baada ya siku chache akarudi amevaa shuka, suruali ameikunja kwapani, akaiweka juu ya cherehani yangu, ule upande wa aibu ukinitazama. Ilikuwa imepasuka msamba wote, toka kwenye zipu mpaka kwenye mkanda wa nyuma.

"Eleza," nikasema.

"Nilifika. Tluway amekaa kwenye kiti kirefu. Mimi nikapewa kigoda. Nikakaa. Suruali ikalia kama mbuzi."

"Waliona?"

"Walisikia kwanza. Kisha waliona. Mama wa binti alikimbilia jikoni, na huko jikoni walicheka mpaka chungu kikaungua."

"Na Tluway?"

"Tluway hakucheka. Hilo ndilo baya. Alisema nirudi mara moja nyingine, na safari hiyo niwe nimefunikwa, kama sivyo mwalimu wa Mbulu ataitwa. Niliondoka kinyumenyume mpaka kwenye miti."

Nikamhakikishia kwamba ni uzi tu. Nikaishona upya kwa uzi mnene wa kushonea mahema, mshono juu ya mshono. Nikamwambia aivae, achuchumae palepale. Akachuchumaa. Uzi haukukatika hata mmoja. Kilichochanika ni kitambaa, pembeni mwa mshono, chaa!

Koinet akabaki amechuchumaa, anajitazama. "Mshono wako una nguvu kuliko nguo," akasema. "Ni sawa na kumfunga ndama kwa mnyororo. Mnyororo hautakatika. Shingo itakatika."

Huo ulikuwa mwezi wangu wa kuchana wanaume. Msidhani ni Koinet pekee. Vibarua wa mashamba ya kahawa ya Oldeani, wanaoinama kutwa, walikuwa wakiniletea suruali zao zimepasuka mahali palepale, na mimi nikizirudisha na viraka, nikisema kaki ya siku hizi si kaki. Fundi akishindwa hulaumu kitambaa. Mtaliona hilo kwenu pia, mtakaposhindwa.

Mzee Awadhi alikuwa ameketi mlangoni na kikombe chake cha tangawizi, anatutazama kama mtu aliyelipa kiingilio.

"Mama Saidi," akasema, "unajua kwa nini inapasuka? Kwa sababu hiyo si suruali. Hiyo ni mifereji miwili umeiunganisha juu."

"Basi suruali ni ipi, bwana msomi?"

"Suruali ni neno letu. Kiarabu. *Sirwali*. Baba yangu alikuwa nayo, anaivaa ndani ya kanzu, pana hapa juu, nyembamba kwenye vifundo. Nyie watu wa bara mkaona sirwali inakwaruza mdomo, mkaipaka mafuta ya irabu, ikawa suruali."

"Kwa hiyo Waarabu ndio walioigundua."

Hapo akakuna kidevu. Alikuwa mtu wa kujisifu, lakini mkweli. "Hapana. Baba alikuwa akisema sisi nasi tuliiokota. Mwarabu wa zamani alikuwa mtu wa shuka, kama huyu Koinet. Alijifunga kitambaa akapanda ngamia wake. Suruali tuliikuta kwa Waajemi. Wao waliita *shalwari*. Walikuwa watu wa farasi, na mtu wa farasi hukaa amepanua miguu kutwa, kwa hiyo walijikatia nguo ya kukaa namna hiyo. Waarabu wakachukua nguo, wakachukua na jina, wakaligeuza kidogo likae mdomoni. Halafu likapanda chombo likaja kwenu. Halafu akaja Mwingereza na mifereji yake, mkaona ina miguu miwili, mkaipa jina lilelile. Jina la nguo moja, mwilini nguo nyingine."

Koinet alikuwa bado amechuchumaa. Akauliza, "Na shuka?"

"Shuka nalo wapo wanaosema ni la Kiarabu. *Shuka*, *shuqqa*, kipande cha kitambaa kilichokatwa kwenye jora."

"Kwa hiyo karani anayenikataza shuka na kunidai suruali, ananikataza Kiarabu na kunidai Kiarabu."

"Kiajemi," Mzee Awadhi akamsahihisha.

Mimi sikuwa nacheka. Nilikuwa nimeganda na neno moja: farasi. Nguo ya mtu aliyepanua miguu. Kama jina limesafiri kutoka huko kote mpaka kwenye baraza hii, je, mkato wa nguo yenyewe ulibaki wapi njiani? Nikamuuliza Mzee Awadhi sirwali ya baba yake ilishonwaje katikati. Akasema yeye alikuwa mtoto, na katikati ya baba yake hakuwahi kupachunguza.

Lakini pale Karatu kulikuwa na Singasinga mwenye mashine ya kusaga, na mkewe, tuliyezoea kumwita Mama Jiti, alivaa zile suruali pana za Kihindi chini ya gauni. Nikaenda kwake mchana uleule, unga umejaa hewani, nikapiga kelele kuishinda mashine.

"Mama Jiti! Hiyo uliyovaa kwenu mnaiitaje?"

"Salwaar. Kwa nini?"

Niliposikia hivyo nywele zilinisimama. Shalwari, salwaar, sirwali, suruali. Ni watoto wa mama mmoja, wametawanyika, kila mmoja amepata lafudhi ya alikokulia. Hamhitaji kwenda chuo kuliona hilo. Yatamkeni polepole, moja baada ya jingine, masikio yenu yatawaambia.

Nikamwomba ya kuukuu. Akanipa, akanionya niirudishe ikiwa hai. Nikaipindua ndani nje kwenye baraza, na pale katikati ya miguu, mahali ambapo kwenye suruali zangu mishono minne hukutana kwenye nukta moja na kuvutana roho, palikuwa na kitambaa cha ziada. Kipande cha pembe nne. Mishono haikukutana kabisa. Kila mmoja ulikuja ukaishia kwenye pembe yake, na kitambaa katikati kikabeba mzigo.

Hicho ndicho alichokisahau fundi wangu wa Kigoa, au hakuwahi kukijua. Haikuwa uzi wala kaki. Ilikuwa nafasi.

Niwaeleze namna inavyokaa, maana mtu hawezi kuishi kwa hadithi tu. Unakata kipande cha mraba, upana kama kiganja cha mwenye suruali, si chako. Unakikata mshazari, yaani uzi wa kitambaa upite kihanamu, ili kivutike kidogo. Hukiweki kama dirisha. Unakizungusha, pembe moja itazame mbele, moja nyuma, na mbili zilizobaki zishuke kila moja kwenye mguu wake. Unaanza kushona pembe ya mbele, na kila ukifika kwenye pembe unaacha sindano ndani, unainua mguu wa cherehani, unageuza kitambaa, unaendelea. Ukiharakisha pembe, itakunja, na mteja atatembea kama bata. Nimewahi kumfanya diwani atembee kama bata, lakini ni habari ndefu na bado ana watoto hapa mjini.

Nikamshonea Koinet suruali mpya. Akaja kuijaribu na umati ukamfuata, maana habari ya ile ya kwanza ilishafika mpaka sokoni. Akachuchumaa. Kimya. Akasimama kwa mguu mmoja, unyayo gotini. Kimya. Akanipa fimbo nimshikie, akaanza kuruka palepale barazani, moja kwa moja juu, kama morani, mzee mzima, na makopo ya Mzee Awadhi yakawa yanaruka naye kwenye rafu. Kimya. Akatua, akasikiliza kidogo.

"Vipi?" nikauliza.

"Hii haifungii," akasema. "Hii inapitisha."

Kisha akanigeukia. "Utakuja nami Buger. Ikipasuka, tupasuke wote."

Tulipanda gari la bwana mifugo, mimi mbele na sindano yangu kwenye kitambaa cha kichwa, Koinet nyuma na mwanawe, dawa za josho zikitunukia njia nzima. Koinet alivaa shati, suruali, na juu yake akajifunga shuka lake jekundu kama koti. Lemayian alimsihi alivue. "Suruali nimevaa kwa ajili yao," baba yake akajibu. "Hili nimevaa kwa ajili yangu. Baridi ya Buger haijabatizwa."

Mzee Tluway alitupokea amevaa suruali nyeusi ya Jumapili na koti lake, ameketi kwenye kiti kirefu, mgongo wima. Alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti, na hakutazama uso wa mgeni. Alitazama msamba. Koinet akakaa kwenye kigoda. Nyumba nzima ikatega sikio. Huko jikoni mtu alishaanza kucheka kabla ya wakati, akapigwa kofi.

Kimya.

"Sasa umekuwa mtu," akasema Tluway.

"Nilikuwa mtu," Koinet akajibu. "Sasa nimekuwa Mwajemi. Muulize fundi."

Ikabidi nieleze: farasi, Waajemi, Waarabu, salwaar ya Mama Jiti. Nilieleza vizuri, nadhani, maana hata jikoni walinyamaza. Tluway akasema yeye alidhani suruali ni vazi la Kikristo, limekuja na Injili.

Koinet akanyoosha fimbo kuelekea ukutani. Palikuwa na picha ya Bwana Yesu na mitume, ya rangi, imewekewa kioo. "Mkwe, nimeitazama picha hiyo mara zote mbili. Watu wote wale, sijaona mwenye suruali. Yule wa katikati amejifunga shuka jekundu."

Lemayian akafumba macho. Mimi nikaomba dua ya safari. Tluway akaitazama picha kwa muda mrefu sana, kama vile imetundikwa asubuhi ile.

Mazungumzo yakaendelea. Mahari ikasemwa, ikakubaliwa. Dini ikasemwa: harusi itafungwa kanisani, na Koinet akasema sawa, ilimradi aruhusiwe kuwatemea mate ya baraka nje ya mlango. Kila kitu kikakubaliwa, na kibuyu cha pombe ya asali kikaletwa kikawekwa chini katikati. Basi. Tluway akakaa. Hakukigusa. Koinet ameshateremka kutoka kwenye kigoda, amechuchumaa mbele ya kibuyu, anasubiri. Magdalena alikuwa amesimama mlangoni na sinia, vikombe vinagongana. Kwa ukoo wake, baba asipokinywea kile kibuyu, yote yaliyosemwa ni upepo.

Tluway akakohoa. "Fundi," akasema, "njoo uone ndama wangu."

Nikamfuata nyuma ya nyumba. Hapakuwa na ndama.

"Kile kipande," akanong'ona, "ulichomwekea yule. Kinaweza kuwekwa kwenye suruali ya zamani?"

Nikamtazama, na ndipo nilipoelewa kiti kirefu. Kwa ukoo wa Tluway ahadi ya binti haitolewi mtu akiwa kitini. Wazee wawili huchuchumaa uso kwa uso, kibuyu katikati, wanakunywa. Na suruali yake ya Jumapili, jinsi ilivyobana, haikuwahi kuchuchumaliwa tangu alipopewa. Ile siku Koinet alipopasuka, yeye hakucheka kwa sababu alikuwa akijiona mwenyewe.

"Mzee," nikasema, "kinawezekana. Lakini uivue."

Alivyonitazama, utadhani nimemwomba aikane imani.

Sikuwa na kitambaa. Nikarudi ndani, nikamwinamia Koinet, nikamnong'oneza. Hakuuliza swali hata moja. Akavua shuka lake, akachomoa kisu, akakata pembe yake mwenyewe, kipande cha kiganja, akanipa. Shuka lililobaki akalipeleka nyuma ya nyumba. Nilisikia wanaongea huko kwa sauti za chini, kisha nikasikia Koinet akisema, "Si hivyo, unajifunga kama mwanamke anayetoka kuoga. Bega hili. Vuta. Haya."

Wakarudi ndani pamoja. Mmasai amevaa suruali na shati, na mwalimu wa dini wa Buger amejifunga shuka jekundu lubega, koti la Jumapili juu yake, miguu yake myembamba inaona jua kwa mara ya kwanza tangu ubatizo. Magdalena akaangusha sinia, akaokota vikombe akavipanga tena. Mama yake akatoka jikoni, akaona, akarudi jikoni, na safari hii wakaunguza vyungu viwili.

Nikakaa kizingitini na suruali nyeusi mapajani, nikafumua msamba kidogo kila upande, nikaingiza kipande chekundu kwa mkono, pembe baada ya pembe. Wao wawili walikaa kwenye vigoda wakanisubiri, wakizungumza habari za majani na mvua. Wakati fulani Tluway akapunga pindo la shuka, akasema kwa mshangao, "Kumbe kuna upepo mzuri."

"Ndicho tunachowaambia miaka yote," Koinet akajibu.

Nilipomaliza akaenda kuvaa. Akarudi, akasimama mbele ya kibuyu. Akashuka taratibu, taratibu, mikono imeshika magoti, na sote tukashuka naye kwa macho. Akafika chini. Kimya. Kwa ndani, kama ungekuwa na ujasiri wa kuchungulia, palikuwa na shuka la Kimasai katikati ya suruali ya Kanisa, na suruali haikulalamika. Akakiinua kibuyu, akanywa, akampa Koinet, Koinet akanywa. Vikombe vya Magdalena vikatulia.

Suruali ile nyeusi niliifanyia matengenezo mara nyingi baadaye, hata ile miaka ya themanini vitambaa vilipoadimika na watu wakawa wanashona kaptura kwa mifuko ya unga, maandishi yakiwa matakoni. Nilibadilisha mkanda, nikabadilisha mapindo, nikageuza mifuko. Kipande chekundu Tluway hakukubali nikiguse. Na wajukuu wao, warefu kama Koinet na wapole wa sauti kama Tluway, wote nimewashonea mimi.

Ndiyo maana nawaambia msilidharau jina la kitu mnachokishika kutwa. Lina mahali lilipotoka, na mara nyingine huko lilikotoka kuna mtu aliyeshatatua shida yako kabla babu yako hajazaliwa.

Wewe wa mlangoni, umechoka kusimama, naona. Vua hiyo suruali ukifika nyumbani, mpe mjukuu wangu aiwekee kipande. Na nyie wengine, mteja wa kesho akija, msimsimamishe kama askari. Mwambieni achuchumae. Shikeni futi kamba kiunoni mbele, ipitisheni chini ya msamba mpaka kiunoni nyuma, akiwa bado chini, na someni namba hapo. Ndipo mkate.